Kitufe Chenye Kinundu

Mwendesha kreni alikuwa na jibu tayari kwa kila aliyemuuliza kwa nini, enzi hizi za simu za kugusa kioo, yeye bado anang'ang'ania simu yenye vitufe. Glavu, alisema. Grisi. Waliouliza waliridhika, kwa kuwa sababu ya kwanza inayosikika huwatosha watu wengi. Mkewe peke yake ndiye aliyejua kwamba macho ya mumewe yalikuwa yameingia ukungu, na kwamba vidole vilikuwa vimechukua kazi ya macho.

Simu hiyo ilipokata roho, binti yao alimletea toleo jipya la simu ileile. Lilikuwa "limeboreshwa", neno ambalo wauzaji hulitumia wanapohamisha kitu kutoka mahali ulipokizoea. Vitufe sasa viliwaka taa. Kile kirefu cha chini kilitambua alama ya kidole. Ukipapasa kibodi bila kubonyeza, kurasa zilipanda na kushuka.

"Na hii ndiyo kiboko yao, Baba," binti alisema, akimshika kidole gumba. "Ukishikilia herufi moja, simu inampigia mtu uliyempangia. Mimi nimejiweka hapa katikati, kwenye kinundu. Huna haja ya kunitafuta."

"Na mimi umeniweka wapi?" mume wa binti aliuliza. Yeye alikuwa mpiga ishara katika ujenzi uleule wa ghorofa: alisimama chini, akimwelekeza baba mkwe wake kwa mikono mahali pa kushusha mzigo.

"Wewe unaonana naye kutwa nzima. Wa nini tena?"

"Ananiona toka juu, bibie. Toka kule juu hata mimi ni sisimizi."

Wote walicheka, isipokuwa mama mkwe, aliyekumbuka ghafla kwamba kuna vyombo jikoni.

Siku ya kwanza ya kazi na simu hiyo, mwendesha kreni alirudi akaketi kwenye kigoda cha jikoni huku mkewe akisugua sufuria. Aliishika simu kama alivyoishika ile ya zamani kwa miaka yote, kidole gumba kikiwa kimelala juu ya kinundu, maana ndicho kilichomwonyesha herufi nyingine ziko wapi. Katika simu ya zamani, herufi hiyo haikuwa na kazi nyingine zaidi ya kuwa herufi. Kioo kiliwaka. Aliona mwanga, akadhani ni zile taa zilizosifiwa sana.

"Leo boriti imempita mkwe wetu juu ya kichwa," alisema. "Nahisi alikuwa ananionyesha ngumi, nisimame. Mimi naona kizibao chake cha njano tu. Mkono siuoni."

"Ukajuaje kusimama?"

"Nilikisia."

Sufuria ilinyamaza. "Mume wangu, unakisia na baba wa wajukuu zako yuko chini ya chuma?"

"Zimebaki ghorofa mbili. Nikishuka leo, nani atanipandisha tena? Nitakuwa mzee wa kukaa mlangoni na kuuliza saa."

"Bora wewe uulize saa kuliko sisi kuuliza mazishi ni lini."

Asubuhi, msimamizi alimsubiri chini ya ngazi ya kreni. "Mkwe wako haji. Mkewe kapiga simu, anasema tumbo linamsumbua. Nimekupa fundi wa zege, anazijua ishara."

Juu, ndani ya kibanda cha kreni chenye utulivu, kidole gumba kilirudi mahali pake. Safari hii alisikia simu ikiita.

"Baba."

"Nimekupigia?"

"Umenipigia. Kama jana jioni."

Alikiondoa kidole kama mtu aliyeungua, ingawa hilo halikubadilisha kitu. "Ulisikia."

"Mpaka sufuria ya Mama niliisikia."

"Mumeo anaumwa tumbo?"

"Mzima kama chuma. Nimemfungia buti zake kabatini."

"Umemwambia msimamizi?"

"Wewe ni baba yangu. Nitamwambiaje?"

"Na huyu aliye chini sasa hivi?"

"Huyo simjui, Baba."

Binti hakusema hayo kwa fahari. Lakini baba yake alizitambua hesabu hizo, kwa kuwa zilikuwa zake. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa amezifanya juu ya kichwa cha mtu anayemjua, anayekula naye meza moja.

Chini, kizibao cha njano kiliinua kitu ambacho huenda kilikuwa mkono.

Akakata simu, akamwandikia msimamizi kwa vidole ambavyo havikuhitaji kutazamwa: Siuoni mkono wa mtu aliye chini. Sijauona kwa muda mrefu. Nashuka. Juu ya kibodi, simu ilimpendekezea maneno matatu ya kumalizia vizuri zaidi. Hakuyaona. Alituma, akazima mtambo, akaanza kuitafuta ngazi kwa mguu.