Mkwaruzo wa Wimbo wa Tatu

Ndoto ya usiku wa kuamkia leo ilinikuta sebuleni kwangu, Molo, nikipangusa santuri. Huwa napangusa kwa kitambaa laini, nikifuata mzunguko, kutoka ukingoni kwenda katikati. Hata ndotoni sikuruka hatua.

Mezani kuna kasha nililotumiwa na binti yangu Gathoni kutoka ng'ambo: santuri nane za nyimbo za kantri za zamani, zimesafishwa na kutolewa upya. Bado limo ndani ya nailoni yake. Sijalifungua, maana kasha likishafunguliwa halirudi kuwa jipya.

Kasha linakohoa.

"Mzee, nyumba hii ina kanuni?"

"Ipo moja," nasema. "Santuri safi ikiingia, yenye mkwaruzo inatoka."

Ni kweli. Santuri ya kwanza ndani ya kasha hilo, kwa orodha iliyoandikwa juu yake, ni ileile tuliyokuwa nayo miaka yote, ila hii haina doa. Kwa hiyo kasha lilipofika, ile yetu nilimpa fundi mmoja wa Nakuru anayelainisha santuri kwa maji moto na kuzigeuza mabakuli.

"Basi tuifuate kanuni," linasema kasha.

Kikombe chenye ufa kinashuka kabatini na kutoka nje. Meza yenye alama ya sufuria inafuata, baada ya kuliteremsha kasha sakafuni kwa heshima. Hakuna anayebisha. Kisha kasha linanitazama mguu.

"Na hilo kovu la gotini?"

"Shoka. Nilikuwa darasa la nne."

"Pole sana. Mlango ni ule."

Natoka. Nje ni Teksasi ya nyimbo za kantri, ila kumelimwa pareto. Ng'ombe waliovaa kofia pana wamepanga foleni hadi kwenye upeo wa macho.

"Karibu, mzee," anasema wa mwisho. "Wewe mkwaruzo wako uko wapi, unarukia wapi?"

"Gotini."

"Mimi kwenye ukwato. Utazoea."

Kando yake, juu ya kigoda, ameketi marehemu mke wangu, Mama Gathoni, anamenya minji. Bakuli lake ni jeusi, na kwenye kitako chake bado imebandikwa karatasi nyekundu ya santuri yetu.

"Baba Gathoni, umekonda," anasema. "Unakula kweli, au unapangusa tu?"

"Twende nyumbani."

"Nikaingilie wapi? Nafasi yangu si umeitoa?"

Nafasi yenyewe naijua. Siku tuliyoileta santuri ile nyumbani, alikuwa akicheza na trei ya chai mkononi, kiwiko chake kikagonga sindano. Tangu hapo wimbo wa tatu, wa mtu anayerudi kwao baada ya miaka mingi na kubisha hodi, ukawa unaruka mahali pamoja. Maneno mawili yakapotea. Mama Gathoni akawa anayajazia mwenyewe kutoka jikoni, kwa Kiswahili, kwa sababu alisema Kiingereza cha waimbaji wale kinapitia puani: "Nifungulie mlango!" Alijazia hivyo mpaka alipofariki. Baada ya hapo santuri iliendelea kuruka palepale, na palepale nikawa bado namsikia. Nami nikaihesabu kasoro.

Nageuka kurudi. Mlango umefungwa. Ndani wimbo wa tatu unapigwa, mzima, safi kabisa.

"Hodi! Nimekuja na mke wangu."

"Hakuna nafasi," kasha linajibu kwa upole. "Kila neno lipo mahali pake."

"Mfanyie nafasi, tafadhali."

"Mimi sijafunguliwa, mzee. Hata sijui ndani yangu mna nini. Mfanyie wewe."

Santuri inateleza na kutokea chini ya mlango, inang'aa kama maji ya kisima. Mama Gathoni anachomoa pini kwenye kilemba chake, ananipa. Naishika. Mkono unagoma.

"Toleo hili halitachapishwa tena," namweleza.

"Na mimi je, nitachapishwa?"

Ng'ombe wote wamevua kofia, wanatazama kando. Mama Gathoni anaweka bakuli chini, anafunika mkono wangu kwa wake, wenye harufu ya minji mbichi, na kuuvuta, pini ikikwaruza santuri. Mlango unafunguka. Nasogea pembeni ili atangulie.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshaingia dirishani. Kasha lilikuwa mezani, mahali pake. Nililizungusha taratibu, nikipitisha kidole kwenye kila ukingo wa nailoni. Haikuwa na tundu wala mahali palipolegea.

Kisha nikachukua kisu, nikalifungua.

Nikaweka santuri ya kwanza. Wimbo wa kwanza ukapita vizuri, na wa pili pia. Kwenye wa tatu, yule mtu alipofika kwao na kubisha hodi, sindano ikaruka.

Jikoni palikuwa kimya. Nikairudisha sindano nyuma kidogo, ikaruka tena palepale. Safari hiyo nilibana hata pumzi, nisije nikamkatiza Mama Gathoni.