Msiba wa Jumamosi kwa Nusura

Zamani kidogo tu, Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri, kwenye mabenchi manne ya Maimunah, muuza kahawa ya tangawizi wa mtaa wa Kisenyi, hungepata hata pa kuweka kofia. Nani kaoa, nani kaachwa, nani kaonekana Nakivubo na sabuni za magendo: habari zote zilipita kwake kwanza, ndipo mji ukazisikia.

Hayo yalikuwa kabla Nusura wa ng'ambo ya njia hajampangisha Wanjala chumba.

Wanjala alikuwa mtu wa reli, na kila wiki alirudi kutoka Nairobi na gazeti la uchumi, limekunjwa ndani ya soksi. Wanajeshi ndio waliotawala, na magazeti ya nje yalikuwa marufuku. Basi Nusura, ambaye hata jina lake hajui kuliandika, alilichana ukurasa kwa ukurasa akafungia njugu. Wanjala alitia alama ya penseli kwenye habari ya kusomwa kwanza. Jumamosi uani kwake palijaa, kila mtu na pakiti yake. Anayejua kusoma anamsomea jirani, njugu zinatafunwa, karatasi zinaishia jikoni, motoni. Humo watu walijua kwa nini sukari imepotea, na shilingi yetu inaonekanaje huko nje.

Maimunah aliyajua hayo kwa kuchungulia. Kualikwa, hakualikwa. Wiki iliyopita alikwenda kuazima kinu, na mara wote wakaanza kuzungumzia mvua. Walisema kwa Maimunah siri haikai hata muda wa kahawa kupoa. Hilo halikumkera sana, maana ni kweli. Kilichomkera ni ule mkeka mpya wa Nusura, na jinsi Mama Adyero, mteja wa Maimunah mwenyewe kwa miaka kumi, alivyojinyoosha juu yake kama yuko kwao.

Jumamosi hii alikuwa na mteja mmoja tu, Sajini Faustino wa kambini. Faustino akayatazama mabenchi.

"Mama, watu wako umewaficha wapi?"

Jibu lilikuwa ulimini tangu wiki jana. Neno moja tu, na mkeka ule ungekunjwa. Maimunah akafungua mdomo, na hapo akamkumbuka Marjan, fundi wa gereji, aliyekuwa akikaa benchi hilohilo. Mtu alimsema kidogo tu kwa askari. Viatu vyake vilikaa mlangoni mwa msikiti mwezi mzima.

"Wako msibani, afande," alisema. "Shangazi yake Nusura amefariki Bombo."

Akakosea. Kisenyi ukimtajia mtu msiba hujamfukuza, umemwita. Faustino alivua kofia, akasimama. "Twende tukawape pole."

Maimunah hakubaki na ujanja ila kulia. Akajifunga kanga kiunoni, akavuka njia kwa mayowe: "Nusura, shangazi yetu wa Bombo! Sajini amekuja kutupa pole!"

Uani, karatasi zikaingia chini ya makalio. Wanawake wakajitanda. Nusura, asiye na shangazi Bombo wala popote, akaangua kilio kikubwa kuliko cha aliyemletea msiba, na hata hilo likamuuma Maimunah.

Sajini akakaa mkekani, akatoa rambirambi, akanyoosha mkono kwenye pakiti moja ya njugu iliyosahauliwa mkekani. Maimunah akawahi kuichukua, akammiminia njugu kiganjani, karatasi akaikunjakunja ndani ya ngumi yake. Alikaa nayo hivyo mpaka askari akaaga.

"Dada, ulimwambia nini yule?" Nusura aliuliza, machozi bado mashavuni.

"Uliza ningemwambia nini." Maimunah akafungua ngumi. "Nisomeeni. Hii ni yangu."

Mama Adyero akaikunjua. Baridi imeua mibuni Brazili, alisoma. Kahawa itapanda bei dunia nzima. Maimunah akasonya. Hata habari ya kahawa ilifikia kwa Nusura kwanza.

Na msiba ukishaliliwa haufutiki. Kabla ya alasiri Nakivubo nzima ilikwisha sikia. Siku tatu watu walimiminika kwa Nusura na ndizi na mchele. Kahawa alichemsha Maimunah, na mabenchi yake yalijaa pomoni, yote manne, yamebebwa kupelekwa huko huko kwa Nusura.