Suti ya Mvua ya Wabwile

Wabwile, mume wangu, alirudi nyumbani Tuwan, hapa Kitale, jioni mvua ikiwa imekatika. Akatundika suti yake ya mvua msumarini, bado inadondosha maji. Longi, suruali aliyovaa ndani ya suti, lilikuwa kavu. Nililishika nikijifanya nalikunja. Kavu mpaka mifukoni.

"Suti kama hii hujaona, Mama Wakoli," alisema. "Mvua imeninyeshea Kamukuywa yote, hakuna tone limeingia."

Wiki iliyopita alisema hivyo hivyo. Yeye hupeleka vipuri Bungoma kwa pikipiki, na msimu huu mvua haimkosi njiani. Nilitaka kumuuliza inawezekanaje. Maneno yangu hutoka polepole, mara nyingi hayatoki kabisa.

Jirani yangu Phelista nilimweleza. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Ati kavu? Kaka yangu Mukhwana ako na hiyo hiyo. Akishuka kwa pikipiki unadhani amejikojolea! Wewe uliza longi inakaushwa na nani."

"Labda ya Mukhwana ni mbaya."

"Basi tuijaribu, bana."

Jumapili, Wabwile alipoenda kwa miguu kutazama mpira, nilivaa ile suti juu ya longi lake kuukuu. Phelista alipanda kiti, akanimwagia maji kwa kopo la kunyunyizia mboga. Maji yaliteleza mabegani yakaanguka. Ndani, hakuna kitu. Nikaona haya kumshuku baba ya mtoto wangu.

"Sasa kaa kwa pikipiki," Phelista akasema. "Kwani yeye huendesha amesimama?"

Nilikaa. Maji yalijikusanya mapajani kama kwenye sahani, yakatafuta mshono wa katikati, na mara nikahisi baridi pale chini. Phelista hakucheka tena.

Jumatatu mchana mawingu yalitanda. Wabwile alipowasha pikipiki, nilipanda nyuma.

"Unaenda wapi?"

"Bungoma. Kumwona shangazi."

"Leo? Utanyeshewa."

"Nitajificha nyuma yako. Si suti yako haipitishi?"

Aliondoa pikipiki, tukapita Kiminini. Mvua ilitukuta mbele kidogo, kubwa, yenye upepo. Nilikitazama kila kibanda cha kando ya barabara, na kila mwanamke aliyekaa ndani. Karibu na Kamukuywa alianza kuongeza mwendo, ingawa barabara ilikuwa inateleza. Mwanamke mmoja alikimbia kutoka kwenye kibanda cha chai, amejifunika leso, akipunga mkono.

"Baba Wakoli, simama," nilimwambia.

Alijifanya helmeti imemziba masikio. Niliigonga kwa ngumi. Akasimama.

"Leo umechelewa," mwanamke alimwambia akicheka. "Toa hiyo longi haraka, jiko limeshika." Kisha akaniona nyuma ya ule mgongo mpana. Kicheko kikaisha.

Nilishuka. Nilikuwa nimelowa chapachapa, lakini sauti yangu haikutetemeka.

"Mimi ni mke wake, dada. Leo tumelowa wawili. Utatukausha wote?"

Mwanamke alimgeukia Wabwile. "Si uliniambia mkeo alirudi kwao Lwakhakha?"

Wabwile alishika usukani kwa mikono yote miwili na kutazama upande wa Bungoma, kana kwamba kuna mtu huko anayemwita. Nilimngoja aseme hata uongo. Alifuta maji usoni. Basi nikavuka barabara, nikasimama mvuani upande wa magari yanayokwenda Kitale.