Kusuuza Mara ya Tatu

Mjomba aliponiona naingia na sindano ya kutolea damu, akavuta mkono wake. "We mtoto, katika ukoo huu mwenye sindano ni mimi."

Ni fundi cherehani, mwaka wa arobaini sasa. Mama yangu, dada yake, alipofariki, ndiye aliyenilea. Sasa alikuwa na uvimbe wa saratani kwenye nyonga, umejiviringisha kwenye mishipa mikubwa ya damu mpaka madaktari wa upasuaji wakanyoosha mikono. Likabaki jaribio letu la tiba mpya, nililokuwa nalifanyia kazi maabara.

Nilimweleza huku damu ikijaa kwenye mfuko. "Tunatoa seli nyeupe, hawa askari wa mwili. Tunawalisha vumbi la chuma, dogo kiasi kwamba hata darubini ya kawaida hailioni. Tunawarudisha mwilini. Wakifika kwenye uvimbe, picha inaonyesha doa jeusi, kwa sababu ya kile chuma. Tukihakikisha wanafika, mfuko wa pili tunawabebesha dawa."

"Kwa hiyo ni askari wanaokula kwanza ndipo waende kazini," alisema. "Hao nawajua."

Muuguzi alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Hofu ikinishika, kwangu inatoka kama hasira, nimeumbwa hivyo. Nilimwambia muuguzi anyamaze, ataharibu damu kwa kucheka. Uongo mtupu.

Mwenzangu wa maabara, tuliyemwita Kanuni kwa ubishi wake juu ya taratibu, alikuwa anaumwa siku hiyo. Nilifanya kazi peke yangu. Seli zikala vumbi saa nne nzima, kisha ikaja kusuuza. Lazima usuuze mara tatu, kwa sababu vumbi ambalo halikuliwa likirudi mwilini linatembea lenyewe kwenye damu na kutulia linapotaka, hata kwenye uvimbe. Hapo picha inadanganya. Doa unaliona, kumbe askari hawapo.

Shida ni kwamba kila ukisuuza, seli nyingine zinapotea. Tuliwekewa kiwango: milioni kumi. Zikipungua hapo, mfuko unamwagwa na mgonjwa anatolewa kwenye jaribio. Baada ya kusuuza mara ya pili nilihesabu za Mjomba. Milioni kumi na laki nne.

Nilihesabu tena. Zilikuwa zilezile.

Nikaweka alama kwenye fomu, mahali pa mara ya tatu, na nikaupeleka mfuko wodini bila kusuuza tena.

Siku mbili baadaye picha ya nyonga ilitoka na doa jeusi, kubwa, katikati ya uvimbe. Daktari alipiga makofi kama shabiki wa mpira. Mkaza mjomba, mke wake, alinikumbatia mpaka kilemba kikamvuka. Mfuko wa dawa ukapangiwa Jumatatu.

Jumamosi nilimfuata Mjomba dukani kwake. Alikuwa amekaa nyuma ya cherehani, anapiga mluzi, kitambaa mapajani. Ukutani alikuwa ametundika karatasi mpya ya kazi alizopokea, za miezi sita. Nilipokuwa mdogo, mshono wake ukipinda kidogo, kitu ambacho mteja asingekiona kamwe, alinipa wembe na kusema, "Fumua." Niliwahi kumuuliza kwa nini tusiupige pasi tu ukakaa sawa. Alinitazama kama nimemtukana.

"Mjomba, picha ile huenda inadanganya," nilisema. Nikamwambia yote.

Alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Nani anajua?"

"Mimi. Na sasa wewe."

"Basi funga mdomo. Nitiwe dawa."

"Kama askari hawafiki kwenye uvimbe, wanakwenda kwenye ini. Dawa ile kali wataimwaga humo. Utakufa, Mjomba!"

"Kwani sasa hivi nafanya nini?" Sauti yake ilipasuka. "Kurudia ni muda gani?"

"Wiki tatu."

"Wiki tatu! Unajua wiki tatu kwangu ni nini, wewe?" "Umenipa tumaini kwa mkono wako, halafu unakuja kuninyang'anya. Toka."

Nilitoka. Nilimchukia siku ile, na nilijichukia zaidi, kwa sababu alikuwa na haki ya kunifukuza.

Jumatatu, kabla mfuko haujafunguliwa, niliingia kwa daktari nikasema. Hakunifokea, na hilo liliniuma kuliko matusi. Aliomba funguo za maabara. Kufikia mchana nilikuwa nimesimamishwa kazi.

Wiki tatu Mjomba hakusema nami. Ujumbe ulipitia kwa mkaza mjomba: "Mjomba wako anasema ukija uje na uzi mweusi, na usimsalimie." Nilipeleka uzi. Sikumsalimia. Aliupokea huku anatazama dirishani, na nikaona mkanda wa suruali umeingia matundu mawili zaidi.

Safari hii alisuuza Kanuni, mara tatu kamili; kusuuza kwa tatu kulipoteza laki mbili tu, na seli zikabaki milioni kumi na laki moja. Zilitosha. Hata zile zangu zingetosha.

Siku ya picha nilikaa kwenye benchi la nje. Mjomba akamwambia daktari, bila kunitazama, "Na huyu aingie."

Kwenye kioo uvimbe ulikuwa mweupe kabisa, hauna hata alama. Safari hii walipiga picha mpaka kwenye ini, nalo lilikuwa jeusi tii.

"Wote wameishia kwenye ini," daktari alisema taratibu. "Kama Jumatatu ile tungekutia dawa…" Akasema jaribio limefikia mwisho kwake, na kilichobaki ni dawa za maumivu na muda, labda miezi minne.

Mkaza mjomba alilia. Mimi nilishindwa hata kulia. Mjomba aliinuka, akajifunga mkanda, akatembea mpaka mlangoni akichechemea, kisha akasimama.

"Kesho uko wapi?" aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha tangu aliponifukuza dukani.

"Nina kazi," nilisema, kwa mazoea tu.

"Kazi gani, si umesimamishwa?"

Nilicheka na machozi yakanitoka pamoja, jamani, mbele ya daktari.

"Njoo dukani asubuhi," Mjomba alisema. "Nina koti la bwana harusi, nimekosea bega. Nataka mtu wa kufumua."