Mate ya Mwalimu Mkuu

Baba mkwe wangu alifundisha miaka thelathini na minane, na miaka yote hiyo alikuwa na somo moja: akili haifundishwi. Mtu anazaliwa nayo au hazaliwi nayo. Usiniulize alikuwa anaingia darasani kufanya nini.

Alistaafu akiwa mwalimu mkuu, na cheo akarudi nacho nyumbani. Wote tunamwita Mwalimu Mkuu, hata wifi yangu, ambaye ni binti yake wa kumzaa. Wajukuu wake wawili aliwapanga kwa madaraja tangu wakiwa wachanga. Mtoto wa wifi alizaliwa na kichwa kikubwa, akaitwa Profesa kabla hajafungua macho vizuri. Binti yangu alipoanza kusema alikuwa haachi kuuliza, akaitwa Mbona, na hilo halikuwa jina la sifa. Sasa wote wawili walikuwa wanamaliza shule ya msingi. Kwenye mtihani Profesa alikuwa wa thelathini na tatu kati ya arobaini. Mbona alikuwa wa pili, na alikuwa hasemi na yule wa kwanza. Mwalimu Mkuu hakutikisika. Alisema Mbona anakariri tu, na akili ya Profesa ipo, ila imelala. Mimi ni fundi cherehani, nimeolewa tu humu ndani, kwa hiyo kila kasoro ya mwanangu ilijulikana imetoka upande gani.

Mambo yalianza kuniuma ilipokuja barua kutoka shule ya bweni ya sayansi. Kila mwalimu mkuu mstaafu aliruhusiwa kupendekeza mjukuu mmoja, kwa fomu yenye saini yake, na alipewa miezi miwili. Mbona aliisoma barua ile mpaka ikachakaa kwenye mikunjo. Nilimpigia mume wangu, dereva wa lori, ambaye alikuwa safarini, akaniambia niongee na baba. Kana kwamba baba yake huongea na mtu. Baba yake hufundisha.

Ili asionekane ana upendeleo, Mwalimu Mkuu akasema sayansi ndiyo iamue. Alikuwa amesikia redioni kwamba akili imo kwenye jeni, na kwamba kuna maabara ukiipelekea mate inakupimia. Kipindi hakukisikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa ameshapata alichokitaka. Kisanduku kikaja kwa posta: vichupa viwili vyenye alama, na karatasi ya maelekezo iliyosema mate yafike kwenye alama na povu lisihesabiwe.

Siku ya kutema, Profesa alijaza chake mara moja akarudi zake kucheza. Mbona alishikwa na hofu mpaka mdomo ukamkauka kama aliyelamba unga. Alihangaika robo saa nzima, na kilichopatikana kilikuwa povu tupu. Mwalimu Mkuu akamwambia akapumzike, akabaki na kichupa mkononi akikitazama kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akalimwaga lile povu, akakipangusa kichupa vizuri, akatema mwenyewe mpaka kwenye alama.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe chake cha chai. Aliponiona hakushtuka.

"Ukoo ni mmoja," akaniambia. "Akili yake, kama anayo, ameitoa kwangu. Kuna tofauti gani kuchota kwenye ndoo au kuchota kisimani?"

Ningeweza kusema. Sikusema, na wala haikuwa heshima, nisijisingizie. Nilijiambia kwamba kama kichwa cha huyu mzee ndicho kile anachokihubiri, mwanangu ameshapita. Nikamletea gundi ya kufungia bahasha.

Majibu yalifika baada ya wiki tano. Mwalimu Mkuu alituita sebuleni, mimi, wifi na watoto, akasimama mbele ya televisheni kama yuko mbele ya ubao. Profesa: juu ya wastani. Wifi akamshukuru Mungu kwa sauti. Mbona: chini ya wastani, katika kila watu mia, sabini na mmoja wamemzidi. Hilo alilisoma polepole, kwa huruma aliyokuwa ameiandaa, akaongeza kwamba kushona nako ni kazi, mama yake hajafa njaa. Mbona aliinamia magoti yake na machozi yakamdondoka bila sauti. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, kwa sababu mate yale nilijua ni ya nani, na nilikuwa nimeyaamini kuliko nilivyomwamini mwanangu.

Mzee akailaza karatasi ya Mbona mezani mbele yangu, akatoa kalamu, akaivuta fomu.

"Baba," nikasema, "kabla hujaandika jina, wasomee na mstari wa juu."

Akarekebisha miwani. Mstari wa juu ulisema: jinsia, mwanamume. Chini yake, maana maabara ile ilikuwa na ukarimu, waliongeza kwamba mwenye mate haya yumo hatarini kupata kipara. Mkono wa Mwalimu Mkuu ukapanda wenyewe mpaka kwenye kipara chake. Wifi alimtazama baba yake, akanitazama mimi, akakumbuka kuwa kuna kitu ameacha jikoni. Jiko lilikuwa limezimwa.

Basi sayansi ikafa palepale. Mwalimu Mkuu alisema maabara hizi ni za matapeli, watu wa kukaa na kubuni asilimia. Akasema hakuna mashine ya kupima kichwa cha mtu. Akasema yeye akili yake aliipata kwa kukesha na kibatari, hakugawiwa na mtu. Nilimwacha afike mwisho, maana maneno hayo nilikuwa nimeyasubiri tangu niolewe.

"Kama ni utapeli, baba, ni utapeli kwa wote wawili," nikasema. "Turudi kwenye matokeo ya mtihani."

Aliandika jina la Mbona kwa ule mwandiko wake wa ubaoni, akatia saini, akaisukuma fomu bila kumtazama mtu. Nilipaswa kufurahi. Lakini mzee wa watu alikaa vibaya, mikono mapajani, macho kwenye karatasi aliyotoka kuiita takataka. Mtaani kwetu wapo watu wazima ambao yeye ndiye aliyewaambia wazazi wao wasihangaike nao, kwani hawakuzaliwa nayo. Nadhani alikuwa anawapitia mmoja mmoja.

Mbona akainuka. Nilidhani anaifuata fomu. Akaichukua karatasi ya maabara, akaigeuza nyuma, kwenye maandishi madogo ambayo sisi wote hatukujisumbua nayo.

"Babu, hawajasema huna akili," akasema. "Wameandika hapa kwamba hiki ni kipimo cha kundi la watu. Kwa mtu mmoja mmoja hawawezi kujua."

Mwalimu Mkuu aliyasoma maandishi yale, mara ya kwanza haraka, mara ya pili kwa kufuata na kidole. Nilisubiri aanze kutufundisha. Badala yake akamsogezea mjukuu wake karatasi.

"Sijaelewa," akasema. "Nieleze."

Mbona akavuta kiti, akamwanzia mwanzo.