Kola ya Bwana Manukato

Mtalaka wangu alinipa kazi ya kumshonea suti ya harusi yake. Mtaa umejaa mafundi, lakini alinichagua mimi ili nimeze uchungu huku nina pini mdomoni. Watu humwita Bwana Manukato kwa jinsi anavyojipulizia. Mimi nina jina jingine kwake, halisemeki mbele ya watoto.

Nikampima shingo ili nikate kola. Chini ya taya matezi yalikuwa yamevimba, na kifuani palikuwa na vipele vilivyoanza kufifia.

"Mafua tu," akasema. "Homa, koo, basi. Na nikaenda kupima Ukimwi siku ile ile homa ilipoanza. Sina kitu. Mchumba wangu ameona majibu."

Nikaandika kipimo cha shingo. Mimi hushona sare za wauguzi, na mmoja wao alishanieleza: yanaweza kuwa mafua kweli, lakini virusi vya Ukimwi vikiingia navyo huanza hivyo hivyo, na kipimo cha mapema huenda kisivione. Lazima urudie, miezi mitatu ikishapita tangu ulipojiweka hatarini. Na tabia za Bwana Manukato nazijua, ndizo zilizonitoa kwake mwaka jana.

Nilifurahi, sifichi. Yule mchumba wake alikuwa amekalia kiti changu. Nikasema moyoni, aolewe tu, majuto ni mjukuu.

Kesho yake binti mwenyewe akaja kujaribu gauni la harusi, maana nalo nililishona mimi. Nikambana kiuno makusudi mpaka akaguna.

"Samahani, dada, nadhani nimenenepa," akasema. "Asante kwa kukubali kunishonea. Mwingine angenifukuza."

Nikaona aibu. Mbaya wangu hakuwa huyu.

"Mmeshalala pamoja?"

"Bado. Tunangoja ndoa."

Nikachomoa pini zote, nikamkalisha, nikamwambia.

Jumamosi Bwana Manukato akaingia anafoka. "Umeniharibia harusi! Eti haolewi nami mpaka nirudie kipimo! Unalipiza kisasi wewe!"

"Ndiyo."

"Unataka nife!"

"Ufe?" Nikamtundikia suti yake begani. "Thubutu! Nenda ukapime wakati wake ukifika. Ukikutwa na virusi, dawa zipo, umeze kila siku, uzeeke. Nataka uishi miaka mingi, mtaa huu huu, na kila asubuhi upite hapa mlangoni unikute ninacheka."