Vipande vya Nje

Mvua ya Buguruni si mvua ya Kariakoo, na asiyekubali hilo hajawahi kuanika nguo. Mimi huondoka nyumbani Buguruni jua linawaka, nafika kazini karibu na bandari nimelowa, kisha jirani ananipigia simu kuniambia shuka langu limekauka vizuri. Redioni wanasema mvua itanyesha katika baadhi ya maeneo ya Dar es Salaam na Pwani. Baadhi yapi? Mimi nilitaka kujua habari za paa langu.

Ndiyo maana nilianza kutafuta kituo cha hali ya hewa cha nyumbani. Si kwa ajili ya kazi. Mimi ni karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, nina stashahada ya uhasibu, na hakuna bosi anayeniuliza upepo umevuma kutoka wapi. Wenzangu wana mpira, wana vikoba vyao vya akiba, wana tamthilia za Kituruki. Mimi napenda hewa. Nililisema hilo ofisini mara moja, wakacheka mpaka chai ikawapalia, sikurudia tena.

Nilichagua kwa makini kwa sababu sina fedha ya kukosea. Vile vikubwa vinavyotuma vipimo mtandaoni nilivikataa mapema: vinakula bando, na siku kampuni ikizima mtambo wake huko iliko, unabaki na pambo juu ya bati. Vidogo kabisa, vya kupima joto tu, navyo sikuvitaka. Habari za joto la Dar jasho linaniletea bure. Nilitaka cha katikati. Kioo cha kuweka mezani, na vipande vyake vya nje: kipimajoto chenye kofia ya kukikinga na jua, kopo la kupimia mvua, na vikombe vidogo vinavyozungushwa na upepo. Vipande hivyo huongea na kioo bila waya. Na jambo moja nililikuta kila nilikosoma: vinauzwa pamoja kwa sababu vimetengenezwa kusikilizana vyenyewe kwa vyenyewe. Ukichukua kioo cha seti hii na vipande vya seti ile, ni sawa na kumpigia simu mtu ambaye namba yake huna.

Mahali pa kuvifunga nilikuwa napo. Nyumba tunayopanga ina mlingoti wa antena ya televisheni ya zamani; antena iliibwa, mlingoti ukabaki.

Tunapanga mimi na dada yangu Leticia, vyumba vinatazamana, yeye chake na mumewe Beno na watoto wao. Beno ni winga Kariakoo. Winga hana duka. Ana mdomo, ana miguu, ana simu. Anamdaka mteja barabarani, anampeleka duka analolijua, mwenye duka anataja bei yake, winga anaongeza cha juu chake, na wote watatu wanajifanya hawajui. Lakini winga aliyekomaa hupewa pia mali kauli: anachukua mzigo kwa neno tu, anauza, jioni ndiyo analeta fedha. Mali kauli haipewi winga yeyote. Anapewa yule ambaye mwenye duka hajawahi kumjutia. Beno alikuwa na mlango mmoja tu wa namna hiyo, duka la Mzee Nurdin, muuza saa na vifaa vya umeme. Kwa mlango huo dada yangu alilipa kodi na watoto walivaa viatu. Nililijua hilo. Nalisema mapema asije mtu akanitetea kwamba sikujua.

Nilipomwambia Beno ninachotafuta, alicheka.

"Shem, ukitaka kujua mvua si utoe mkono dirishani?"

Nikamwambia mkono haupimi milimita. Akasema basi kwa Nurdin vimejaa, amewahi kuviona kwa macho yake, na nisidiriki kwenda kwa mtu mwingine wakati nina shemeji mjini. Cha juu chake sikukigombania hata kidogo. Mtu ale kazi yake.

Tukaenda Jumamosi. Duka la Nurdin liko ghorofa ya chini ya jengo refu, jembamba kama korido, na kuta zake zote ni saa. Nilimwamkia mzee shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye simu. Beno akanionyesha rafu ya juu, na kweli, vioo vilikuwa vile vile nilivyovitaka, vya rangi, vimepangwa kama sahani za harusi. Juu ya rafu mtu ameandika kwa kalamu nene: SAA ZA RANGI ZA SEBULENI.

Nikashusha kimoja. Saa inasoma. Joto la ndani linasoma. Upande wa joto la nje kuna vistari viwili, upande wa mvua vistari viwili, upande wa upepo vistari viwili. Nikauliza vipande vyake vya nje viko wapi.

"Hiyo sehemu ni ya Ulaya," Nurdin akasema. "Ya theluji. Huku kwetu haisomi."

Nadhani aliamini anachosema, au alikuwa amekisema mara nyingi mpaka kikageuka imani. Kontena lilipofunguliwa, mtu aliona kioo kinauzika kama saa, na yale makorokoro meupe yanajaza stoo bure. Akayatenga. Kariakoo kisichouzika hutengwa na kinachouzika, na wenyewe huo wanauita usafi wa duka. Nilipotazama vizuri niliyaona. Faneli la kopo la mvua lilikuwa kaunta limesimamishwa kichwa chini, limechomekwa kalamu. Vikombe vya upepo viwili vilikuwa kwenye boksi la midoli ya kuwaliwaza watoto wa wateja. Vingine vyote, kiroba kizima, chini ya meza, vimechanganyika aina mbili tofauti.

Nikaomba nijaribu. Beno akanisifia kwa mzee, shemeji yangu huyu msomi, mwache aridhike. Nikakaa juu ya kiroba, nikawa natia betri kipande kimoja, nakisogeza kwenye kioo, nasubiri. Hakuna. Naweka kando, natia kingine. Nurdin alivumilia kidogo kisha akaanza kupangusa vumbi lisilokuwepo karibu na kichwa changu.

"Binti, hapa ni dukani, si maabara."

"Nikinunua bila kujaribu utanirudishia?"

"Kikishatoka hakirudi."

"Basi acha nijaribu kabla hakijatoka."

Beno akacheka kicheko cha kuwapatanisha watu. Na hapo ndipo alipoingia mama mmoja wa makamo, amejifunga kanga mbili, na Beno aliruka kumpokea mkoba kama mama yake mzazi. Aliitwa Bi Swaumu, ana duka Lindi, na kila anapokuja kufunga mzigo Beno ndiye anayemzungusha Kariakoo nzima. Safari hii alikuwa amekuja kuchukua saa za rangi. Si moja. Makatoni yalikuwa yamekwisha kufungwa kamba nyuma ya mlango, na nilielewa mara moja kwamba mimi na kituo changu tulikuwa nyongeza tu ya siku. Siku yenyewe ilikuwa hii.

Beno aliinama kana kwamba anafunga kamba ya kiatu.

"Shem," akaninong'oneza, "weka hicho chini. Mama akitoka nakupeleka stoo, utachambua mpaka uchoke. Nyamaza kidogo tu."

Nikanyamaza. Hilo Leticia halitaji anapowasimulia watu. Nilinyamaza, kioo mapajani, kipande cheupe mkononi. Lakini mikono yangu haikuwa na pa kujificha, na Bi Swaumu alikuwa mfanyabiashara, macho yake yanakwenda kwenye bidhaa popote ilipo. Akaja akasimama mbele yangu.

"Mwanangu, wewe naona unavijua hivi. Hivi vistari ni vya nini? Mzee ananiambia theluji."

Beno aliniangalia. Nurdin aliniangalia. Ningeweza kusema sijui, mama, na mimi ni mteja tu. Neno moja. Lakini aliniuliza mimi, ana kwa ana, kitu ninachokijua, na alikuwa anakwenda kukibeba usiku kucha kwenye basi na kukiuza kwa watu wanaomwamini.

"Ni vya hewa ya nje, mama. Joto, mvua na upepo. Seti yake nusu iko kwenye hiki kiroba. Na humu vipande vimechanganyika, sijui kama vyote vitapata wenzake."

Nikamwonyesha picha kwenye boksi, kioo na vipande vyake vyote pamoja. Bi Swaumu akalitazama boksi, akamtazama Nurdin.

"Kwa hiyo mteja wangu wa Lindi akiniuliza, nimwambie asubiri theluji?"

Nurdin akasema hizi ni saa, zinauzwa kama saa, mama anunue saa. Bi Swaumu akasema saa anazo, zimejaa dukani kwake, alizitaka hizi kwa sababu ya hayo mengine aliyoambiwa ni ya ziada. Hakupaza sauti. Alichukua mkoba wake mkononi mwa Beno.

"Na wewe Beno," akasema, "mimi nilikuwa nakuita mwanangu."

Akatoka. Makatoni yakabaki na kamba zake.

Wakati huo huo, kwenye mapaja yangu, vistari vikatoweka kwenye kioo na namba ikatokea. Kipande kilikuwa kimempata mwenzake. Nikamwambia Nurdin hiki kimekubali, naomba aniuzie. Najua ilivyosikika. Nilikuwa namaanisha.

Aliichukua seti mkononi mwangu, akatoa betri moja moja, akazitia mfukoni.

"Hata ukiniletea dhahabu." Kisha akamgeukia Beno, na sauti yake ikawa ya chini zaidi. "Na wewe usinikanyagie hapa tena. Nilikupa mali kwa mdomo wako. Leo umeniletea mkaguzi."

Barabarani Beno alitembea mbele yangu hatua kadhaa, kisha akasimama katikati ya watu na mikokoteni.

"Saa inasoma saa. Nani kadanganywa?"

"Aliniuliza, Beno."

"Yule umemjua leo. Mimi shemeji yako, mimi nimekula na wewe chungu kimoja miaka yote hii. Ungesema hujui, ungekufa?"

Akaniacha pale. Nilizunguka mitaa miwili bila winga, mpaka duka la binti mmoja wa Kihindi, Darshana, ambaye hakuniuliza napimia nini. Alikuwa na boksi ambalo halijafunguliwa, kioo, kipimajoto na kopo la mvua, bila vikombe vya upepo. Kidogo kuliko nilichotaka, kizima kuliko nilichokiacha. Nikamwambia afungue, tukatia betri juu ya kaunta yake, vikasikilizana, nikalipa.

Nyumbani habari zilinitangulia. Leticia alikuwa amehamisha ndoo yangu kutoka kwenye foleni ya bomba na kuiweka chooni. Hakuniita mdogo wangu tena. Akizungumza na wapangaji wengine aliniita "yule mpangaji wa chumba cha mbele". Sahani yangu haikutoka jikoni kwake jioni ile, wala kesho yake. Beno alikwenda Kariakoo kila asubuhi kama kawaida, lakini Nurdin alikuwa ameshasema kwenye maduka jirani, na hakuna aliyempa mali kwa neno. Alidaka wateja akawafikisha mlangoni, akabaki amesimama nje akisubiri atupiwe chochote. Akirudi alinipita uani bila salamu, na mimi nilimpita hivyo hivyo.

Jumapili ya wiki iliyofuata nilikuwa nimesimama juu ya stuli, nafunga kopo la mvua kwenye mlingoti kwa waya, Leticia akatoka na kusimama chini yangu. Beno alikaa kizingitini, hakuangalia juu.

Nurdin amekubali, Leticia alisema. Nikienda kesho, mbele ya majirani zake wa duka, nikasema nilikosea, kwamba vile ni saa tu na mimi sikuvielewa, atamfungulia Beno mlango. Sharti ni mimi niende mwenyewe. Kisha nirudi nimwombe Beno radhi hapa hapa uani.

"Maneno mawili, Candida," akasema. "Kwa hawa watoto. Umewahi kulala njaa kwangu?"

"Sijawahi."

"Basi?"

"Niende nikaseme uongo mbele ya watu, ili mzee aendelee kuwauzia wengine uongo?"

"Uongo gani! Ni saa!" Sauti yake ikapanda kisha ikashuka, kwa sababu mlango wa jirani ulifunguka. "Hewa. Umetufukuza kwenye riziki kwa sababu ya hewa. Mama angekuwa hai ungemwambia nini?"

"Hivi hivi ninavyokwambia wewe."

Beno akazungumza nami kwa mara ya kwanza tangu ile Jumamosi. Hakuinua kichwa. "Shem, mimi sikuombi uniheshimu. Nakuomba ule mlango tu."

Hilo lilinichoma, sifichi. Nilishuka kwenye stuli ili asinisikie kutoka juu. Nikasema kodi ya mwezi huu tutagawana, na mwezi ujao, mpaka apate mlango mwingine. Bi Swaumu nitamtafuta mimi mwenyewe, nimwambie Beno siye aliyevitenga vile vipande, maana hiyo ni kweli na kweli naweza kuisema mbele ya yeyote. Chungu kiwe kimoja kama watataka. Wasipotaka, nitapika kwangu.

"Na radhi?" Leticia akauliza.

"Kwa Nurdin siendi. Beno simwombi radhi, na wewe sikuombi. Leo wala kesho."